Mama Masika Émérance na Chupa Saba za Friji ya Chanjo

Mama Masika Émérance anaondoka kazini tarehe 31 Mei 2024, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne katika Kituo cha Mifugo Neema, barabara ya Kibati. Aliingia Januari 1995 kama mfagiaji wa mazizi. Anatoka akiwa msaidizi mkuu wa daktari wa mifugo, na kwa hesabu yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyethubutu kuikagua, amezalisha mbuzi na kondoo zaidi ya elfu mbili.

Shule ya mifugo hakuisoma. Alizaliwa Butembo katika nyumba ya wafanyabiashara, akaolewa hapa Goma, mtaa wa Murara. Aliyemfundisha ni marehemu Daktari Jean de Dieu, ambaye siku moja alimkuta ameacha ufagio, amechuchumaa mbele ya mbuzi anayezaa, akihesabu dakika kwa sauti. Daktari akamwuliza anahesabu nini. Akajibu kwamba anataka kujua mama huchukua muda gani kabla ya kuanza kumlamba mtoto wake. Kesho yake alipewa koti jeupe.

Wote tuliofanya naye kazi tunajua kwamba hakumwamini mtu yeyote karibu na mbuzi aliyezaa. Hata mkurugenzi wetu, Papa Luc, alitolewa zizini mbele ya wageni wake.

"Papa Directeur, toka kwanza. Unanukia parfum."

"Lakini mimi ni mukubwa hapa, Mama!"

"Mbuzi hajue kama uko mukubwa. Atasikia ile harufu, kisha atamukataa mutoto wake."

Papa Luc akatoka. Wageni walicheka mpaka akacheka na yeye.

Basi, ikiwa yeye hakutuamini sisi, na sisi hatukumwamini yeye. Aliyemshuku kuliko wote ni mimi ninayeandika haya, Zihindula Janvier, mtunza ghala.

Mwezi wa Novemba 2019 nilifungua sehemu ya barafu ya friji ya chanjo nikakuta chupa saba za plastiki. Zilikuwa zimefungwa kwa kamba nyekundu, ndani kuna maji ya manjano yaliyoganda, na hazikuwa na maandishi yoyote. Nikaanza kumchunguza Mama Masika. Niliona kwamba mbuzi akianza uchungu, yeye hufunga mlango wa zizi. Niliona anatoka na beseni dogo lililofunikwa, anapita bila kusalimia. Nikamwendea Védaste, mlinzi wetu.

"Nilimuona anakinga kitu chini ya mbuzi," akaniambia. "Anakinga, kisha anafunika na kitambaa."

"Damu?"

"Sijue. Lakini mutu wa kawaida hawezi kukinga vile."

Wiki haikuisha, kituo kizima kilikuwa kinanong'ona. Mahoro wa maabara aliacha kunywa chai iliyopikwa na Mama Masika. Mtu mmoja alisema kwamba maji yale yanapelekwa kwa waganga wa mjini. Hakuna aliyekuwa amemwona mganga hata mmoja, lakini maneno yalitosha. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili, nikaitia sahihi.

Papa Luc alimwita. Mama Masika alijibu kwamba Daktari Jean de Dieu ndiye aliyemruhusu kutumia friji. Daktari alikuwa ameshafariki, na karatasi hakuna. Papa Luc hakungoja maelezo zaidi. Alimkataza kuingia zizini mpaka uchunguzi uishe, na mimi nikaagizwa kuzitupa chupa. Niliziweka juani, zikayeyuka, nikamwaga sita juu ya mawe meusi nyuma ya ghala. Ya saba ilikuwa imeshikana na barafu ndani ya friji, nikaiacha humo.

Kesho yake asubuhi alifika Mama Mukakalisa, mjane mfugaji aliyekimbia vita Masisi na kupanga chumba hapa mjini, mtaa wa Mapendo. Alikuwa amebeba watoto wawili wa mbuzi ndani ya kitenge. Mama yao alikufa alfajiri ile ile akiwazaa. Katika kundi zima alilokimbia nalo, walikuwa wamebaki hao wawili tu.

Asubuhi hiyo hiyo mbuzi wetu mmoja alikuwa amezaa mtoto mfu, na zizi lilikuwa limeshaoshwa. Kwa macho yetu jambo lilikuwa rahisi: mama hana mtoto, watoto hawana mama. Mahoro akawaingiza zizini. Mbuzi akanusa, akarudi nyuma, akainamisha kichwa na kumtupa wa kwanza kwenye mbao. Tulijaribu mara tatu. Tulipomfunga, alipiga mateke. Watoto walikuwa wameanza kulegea, na chupa ya maziwa ya unga walikuwa hawana nguvu ya kuinyonya.

Mama Mukakalisa alisimama mlangoni, macho hayawaachi.

"Musinibadilishie," alisema. "Huyu iko na alama ku sikio, na mwenzake iko na muguu mweupe. Nabajua bote."

Hatimaye Papa Luc alitoka nje. Mama Masika alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba magotini. Alikuja kazini ingawa kazi alikuwa amezuiwa.

"Mama, unaweza kutusaidia?"

"Chupa zangu ziko wapi?"

Wote wakanitazama.

"Nilimwaga," nikasema.

"Zote?"

"Imebaki moja."

Akainuka. "Pasha maji. Yasikuwe moto sana, vuguvugu tu."

Chupa ilipokuwa ikiyeyuka, alimweleza Mama Mukakalisa, si mimi. Alisema yale ni maji ya uzazi, yanayotoka na mtoto. Mbuzi anapozaa, njia ya uzazi ikitanuka, ubongo wake hutoa homoni iitwayo oksitosini, na harufu ya maji yale, ambayo siku nyingine angeikimbia, inageuka kuwa tamu kwake. Anamlamba mtoto, na katika kumlamba anaishika harufu yake. Ndani ya saa moja au mbili ameshamjua. Baada ya hapo, mtoto mwingine yeyote akikaribia ni mgeni, na mgeni hupigwa pembe. Ndiyo maana alikuwa anayakinga, anayahifadhi, na anafunga mlango.

Akavaa glavu, akaiamsha tena njia ya uzazi ya mbuzi yule kwa vidole, taratibu, ili mwili wake udhani kwamba unazaa sasa hivi. Kisha akampaka mtoto wa kwanza, kichwa mpaka mkia. Maji yaliishia kwenye shingo ya wa pili.

Mbuzi akamnusa wa kwanza. Halafu akatoa ule mlio mdogo wa kooni ambao mama hutoa kwa mtoto wake, akaanza kulamba. Mtoto alipata dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na mkia ukaanza kutikisika. Mama Mukakalisa alifunika mdomo kwa mikono miwili. Ikaja zamu ya wa pili. Mbuzi alimnusa shingoni, akashuka mgongoni, akampiga pembe.

"Maji imeisha," alisema Mama Masika.

Kwa siku tisa nilimshika mbuzi yule pembe, mara nyingi kwa siku, ili yule wa pili, wa mguu mweupe, anyonye kwa lazima. Siku ya kumi mtoto huyo hakuamka. Mama Mukakalisa alirudi Mapendo na mmoja, pamoja na mbuzi wetu wa kumnyonyesha. Alimshukuru Mama Masika. Mimi hakuniangalia.

Siku hiyo nilimwuliza Mama Masika kwa nini hakutuambia mapema.

"Hamukuniuliza," akajibu. "Mulikuwa munaniangalia tu."

Papa Luc alimwomba msamaha mbele ya wafanyakazi wote. Kituo kikanunua friji ndogo ya pili, na chupa zikaandikwa tarehe. Tangu hapo, kitabu chetu cha uzazi kinaonyesha yatima sitini na mmoja. Arobaini na wanane walipata mama. Wafugaji kumi na wanne wa Kibati wanaijua kazi hiyo leo kwa sababu yake.

Mimi niliendelea kungoja kisasi. Aliponiletea maparachichi kutoka Butembo, niliyageuza-geuza muda mrefu kabla ya kukata. Miaka minne na nusu imepita na kisasi hakijaja. Nakiri kwamba bado ninayageuza.

Kamati ya kumwaga ilipomwuliza nani aandike maneno haya, alinitaja mimi. Hilo nalo nililishuku, nikamfuata.

"Mama, watu wote hapa wanakupenda. Kwa nini mimi?"

"Bale wataniandika kama malaika," akasema. "Weye utamuandika hata yule mutoto wa pili, mwenye alikufa."

Nimemwandika, Mama. Aksanti kwa kazi yote. Unasema unaenda Butembo kupumzika; sisi hatuamini, lakini tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya amani.