Benchi Letu Lapakwa Akili

Jana ilikuwa Siku ya Afya ya Akili. Watu walitembea mji mzima wakipuliza matarumbeta, wakaishia kwenye kona ya kinyozi. Hapo wakalivamia benchi la kijiwe, wakalipaka rangi ya kijani na kuandika mgongoni mwake kwa herufi nyeupe: KETI HAPA UZUNGUMZE. UTASIKILIZWA. Wakapiga picha, wakanywa maji ya chupa, wakaenda zao. Asubuhi hii rangi imekauka, kahawa imechemka, na wenye benchi wamesimama wima kama nguzo za umeme, kila mtu na kikombe chake. Atakayekaa wa kwanza ndiye mgonjwa.

Aliyeteseka zaidi ni Spana, fundi wa friji, na wala si kwa miguu. Tangu amzike pacha wake, kila jioni hujifungia bafuni, akafungua bomba, akalia huku maji yakimfichia sauti. Mkewe anadhani bwana ameingiwa na usafi uzeeni. Kijiweni ndiye anayecheka kuliko wote. Leo alilitazama lile benchi kama mbwa anavyotazama bucha.

— Kaa basi, Spana, akachokoza Redio, kinyozi ambaye ukimnong'oneza jambo anapokunyoa, mtaa wa pili wanakupa pole kabla hajakupangusa shingo.

— Kaa wewe! Kichwa chako ndicho chenye mwangwi.

— Mie? Thubutu! Rangi hii ina dawa, bwana. Inanyonya siri kupitia makalio. Unakaa una yako moyoni, unainuka mtupu.

— Dawa wapi! akakohoa Hakimu. Jina hilo alilipata kwa kufagia mahakamani. Sheria zote alizisikia akiwa ameinama. — Chini ya ubao pana mtambo. Unapima uzito wa mawazo. Yakizidi, gari linakuja kukuchukua. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jana hawakujitembeza mji mzima?

— Basi na wewe kibaya, akasema Bi Birika, muuza kahawa. — Nyumbani kwako hutulii hata wali uive.

— Bi Birika, usiingilie kesi.

Redio akashusha sauti, yaani sasa wakamsikia wa upande huu wa barabara tu.

— Sikilizeni. Wakubwa wanatafuta wendawazimu. Wakishawapata...

— Wawatibu?

— Wawape vyeo! Wenye akili si wamejaribu, wameshindwa?

Spana akacheka hadi kahawa ikamwagika. Akajifuta macho kwa kiganja, akakawia kumaliza kujifuta. Bi Birika aliona. Akamrushia kitambaa cha birika.

— Mwanamume hana cha kuzungumza benchini, Hakimu akahukumu. — Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo ziba mdomo.

— Kumbe mdomo ndio ufa?

— Kwako wewe, Redio, ni lango la ng'ombe.

— Lakini mtu akiwa na jambo? Spana akauliza, kama anayeulizia bei ya nyanya. — Sisemi mimi. Kuna mteja wangu mmoja. Usiku halali, analialia.

— Analilia friji? akauliza Hakimu.

— Kama hivyo.

— Mlete! Redio macho yakamng'aa. — Tumkalishe hapa tumwone! Mficha uchi hazai. Mie sifichi, ndiyo maana nina watoto saba!

Spana akaimeza kahawa iliyobaki kwa mkupuo, ya moto vilevile.

Ndipo godoro likakata kona. Chini yake alikuwepo jamaa mnene, jasho linamtiririka, hakuna aliyemjua. Akaliegemeza godoro ukutani, akajibwaga katikati ya benchi, makalio yote mawili. Redio akafumba macho. Hakimu akarudi nyuma hatua.

— Habari zenu, jamani. Nahamia mtaa wa nyuma, lori limeniharibikia. Mbona mmesimama?

Wote wakaona ghafla kwamba mawingu ya leo ni mazuri. Mgeni akageuka, akayafuata maandishi kwa kidole.

— "Utasikilizwa." Vizuri. Na anayesikiliza ni nani?

Redio akamtazama Hakimu. Hakimu akamtazama Bi Birika. Bi Birika akatazama ndani ya birika. Asubuhi nzima walikuwa wamegombania makalio. Hakuna aliyefikiria masikio.

— Wale wapaka rangi... Hakimu akaanza, akaishia hapo hapo.

Spana akakaa.

— We Spana! Unaumwa? akadakia Redio, mdomo tayari umejiandaa kucheka.

— Ndiyo.

Hakuna aliyecheka.

— Mteja hayupo. Ni mimi. Tangu nimzike pacha wangu, nalia bafuni nimefungua bomba, mke wangu asisikie.

Redio akavuta pumzi ya kutangaza. Bi Birika akamsukumia birika zima kifuani.

— Shika hili. Na ukifungua mdomo, nalichukua nakumiminia.

Hakimu akatafuta methali, akaikosa. Mgeni akajisogeza pembeni ili Spana akae vizuri.

— Endelea, kaka. Lori langu halina tairi. Mimi leo sina pa kwenda.