Bi Zuweina Talal, Mwalimu wa Mwisho wa Mtondooni

Bi Zuweina Talal anastaafu tarehe 30 Novemba mwaka huu, baada ya kusomesha miaka thelathini na sita katika skuli zetu tatu ndogo za mashariki ya Chake Chake. Nasema tatu kwa mazoea. Leo imebaki moja, Mtondooni, na atakapoondoka yeye nayo itafungwa. Kamati ya skuli imenipa mimi mlinzi kazi ya kuandika haya ya kumuaga, kwa sababu walimu wenzake wote wameshahamishwa.

Skuli hizi zilijengwa na wanavijiji wenyewe, kwa mawe na udongo. Bi Zuweina alianzia Kikweleni, msichana bado. Mwaka ule karafuu zilizaa sana, na kama ilivyo ada ya huku, kijiji kizima kikahamia dago, yaani kambi ya wachumaji huko mashambani. Walikwenda wazee, watoto, hata paka. Skuli ikabaki na madawati. Mwalimu mwingine angerudi kwao kupumzika. Yeye alijitwika ubao akawafuata.

Mwenye shamba, Mzee Humoud, alipomwona aliangua kicheko. "Mwalimu, wenzio waja na vikapu, wewe waja na ubao!"

"Na mimi nimekuja kuchuma, baba. Wangu wamo humu humu mikarafuuni."

"Basi kaa, lakini mikono isilale!"

Haikulala. Tangu hapo kila msimu alisomesha mkekani, watoto wakichambua karafuu huku wakitaja herufi, naye akichambua pamoja nao. Madaftari yao yakawa yananukia. Msahihishaji mmoja wa mitihani alikuwa akisema watoto wa Bi Zuweina huwajua kabla hajasoma jina.

Kikweleni ilifungwa paa lilipochukuliwa na upepo, lisirudishwe. Minazi Mifupi ikafuata, maana watoto walipungua wazazi wao walipohamia Madungu na Unguja kutafuta riziki. Mara zote mbili wazazi waliobaki waligoma kuwapeleka watoto skuli nyingine, kwa kuogopa bonde la mpunga ambalo masika hujaa maji hadi kiunoni mwa mtoto. Mara zote mbili Bi Zuweina alisimama ukingoni asubuhi, kanga ameifunga kibwebwe, akawavusha mmoja mmoja, na mchana akawarudisha. Hapana mzazi aliyewahi kulia kwa ajili ya bonde lile.

Mtondooni inafungwa kwa kuwa hakupatikana mtu wa kushika nafasi yake. Waliletwa vijana wawili, wema wote, na hakuna aliyemaliza muhula. Siwalaumu. Na mimi kwetu ni Kasulu, najua upweke wa huku ulivyo. Kuanzia Januari watoto watavuka bonde kwenda skuli kubwa ya ng'ambo, na safari hii magoti ya Bi Zuweina hayamchukui.

Kwenye kikao cha kamati, Bi Asya, ambaye mwanawe yuko darasa la kwanza, alimwuliza, "Na wangu, mwalimu, atavushwa na nani?" Bi Zuweina akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Watu wazima tuliokuwapo, wengi wao wamefundishwa na yeye kushika kalamu, tulitazama sakafu.

Nimeambiwa katika shughuli kama hii huandikwa ya furaha tu. Nimejaribu, nimeshindwa.

Bi Zuweina, ahsante kwa watoto wote uliowafuata mpaka mashambani. Mwenyezi Mungu akupe afya, majirani wema na usingizi usiokatika. Zamu za kuvusha watoto tumeshaanza kupangiana. Jumatatu nimeichukua mimi, Jumanne Bi Asya. Siku zilizobaki bado hazina mtu, na sitaki kukudanganya. Lakini kazi hiyo sasa ni yetu. Nyumba yako iko njiani, utawasikia wakipita. Hata kama mvua inanyesha, mwalimu wetu, usiinuke.