Jiwe la Nguzoni

Kijiwe cha kahawa ni benchi refu mbele ya kibanda cha fundi saa, mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali. Asubuhi hiyo kahawa ilipoa vikombeni. Koleo, mchimbaji, alikuwa amefungua leso, na ndani mlikuwa na donge jeusi mithili ya kiazi kilichoungua, limepasuka ubavuni. Mle kwenye ufa, lahaula, kijani! Lakini Koleo hakukaa. Mdogo wake alikuwa bado shimoni.

— Chupa hiyo! alisema Redio, mtu asiyezimika. Chupa imeungua jalalani.

Fundi Saa alibana lenzi jichoni, akakwaruza kioo cha saa mbovu kwa ncha ya kile kijani. Mstari ukabaki.

— Chupa gani inachora kioo hivi? Hii garneti, bwana, kito chenyewe.

— Basi igonge nyundo! Jiwe la kweli halivunjiki.

— Koma! Fundi Saa alilifunika kwa kiganja. Kuchora kioo ni kitu kimoja, kuhimili nyundo ni kingine. Utabaki na unga.

— Haya. Lakini mawe haya huzaliwa mapacha. Ukilitoa moja, mwenzake yuko palepale, anahema.

— Anahema! Na kunyonya je?

Wakacheka. Koleo hakucheka hata kidogo. Alipokuwa akitoka shimoni alikuwa amemwambia mdogo wake, "Endelea palepale, lazima lipo jingine."

Mama Kahawa, aliyefiwa na mumewe machimboni, aligusa donge, akakitazama kidole chake kilivyopakaa weusi.

— Kijani hukaa kwenye mwamba huu wa masizi. Si mlishaumaliza nyie?

— Ulibaki kidogo, alijibu Koleo.

— Wapi?

Koleo akaanza kulifunga donge kwenye leso.

— Koleo, nakuuliza wapi! Ilibaki nguzo tu, ile mliyoiacha ishike dari ya shimo isiporomoke!

Ndipo akatokea mke wa mdogo wake Koleo, mtoto mgongoni, bakuli la chakula mkononi.

— Hamjambo hapa? Shemeji, mwenzio anatoka saa ngapi? Chakula kinapoa.

Koleo alikuwa keshatimua mbio katikati ya barabara, anapiga kelele, "Toka! Toka humo!" na shimo lenyewe liko nyuma ya kilima.