Saverio Oyat, Mwalimu wa Kona

Ndugu wafiwa, majirani wa hapa Naguru na maafande wote mliofika, mimi ni Adoch, mtoto pekee wa marehemu, na ninawasomea maisha ya baba yangu kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kuyasoma.

Marehemu Saverio Oyat alizaliwa Kitgum tarehe 14 Machi 1966, akasoma huko msingi na sekondari, akajiunga na polisi mwaka 1988, akapangiwa pikipiki za kuongoza misafara ya viongozi, kazi aliyoipenda kuliko chakula. Tarehe 7 Mei 1994 alimwoa mama yangu, Joska Atoo, nami nikazaliwa Februari 1996.

Tarehe 11 Agosti 2003 walikuwa wakishuka kilima hiki kutoka kanisani, mama amekaa nyuma, na baba alipoilaza pikipiki kushoto kwenye kona, mama aliingiwa na woga, akajiinua na kuegemea kulia, pikipiki ikatoka barabarani, mama akafariki palepale. Baba alikuwa amefundisha askari wengi kukata kona, lakini hakuwahi kumfundisha mke wake namna ya kukaa nyuma.

Mimi nilipelekwa kwa bibi Kitgum, nikiwa na miaka saba. Baba aliomba kutolewa msafarani, akawa mkufunzi, akaishi peke yake katika chumba kimoja cha kambi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kiti cha nyuma cha pikipiki yake alikifungua akakitoa. Kila Jumapili mchana alikwenda Wandegeya kuwafundisha madereva wa bodaboda bila malipo: punguza mwendo kabla ya kona, usingoje mpaka uwe ndani yake, bana tangi kwa magoti, legeza mikono, shusha bega upande unaokwenda, tazama unakotaka kutokea, usitazame unachokiogopa. Abiria wao aliwaambia watazame juu ya bega la dereva, upande wa kona, walale pamoja naye. Haya nimeyajua juzi kutoka kwa madereva hao, maana mimi aliponipigia simu nilimjibu maneno mawili matatu, nikasema nina kazi.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, ikabidi asafishwe damu mara mbili kwa wiki, na Farouk, mmoja wa wanafunzi wake wa Wandegeya, akajitolea kumpeleka hospitali. Siku ya kwanza baba alisimama kando ya pikipiki karibu nusu saa, hawezi kupanda, mpaka Farouk akamwambia, "Afande, nitaenda polepole, wewe tazama bega langu tu." Akapanda. Farouk anasema kwenye kona zote alilala naye bila kosa, na walipofika alikuwa analia. "Kumbe ni rahisi hivi," alisema. "Ningemwambia tu."

Alifariki tarehe 19 Juni 2025, saa nne asubuhi. Mimi nilishuka kwenye basi saa saba mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliompelekea uji, wakufunzi wenzake, na wewe Farouk, uliyekuwa naye siku ambazo zilikuwa zangu.

Baba, nilikuwa nimepanda basi lile nije kukuambia kwamba sikulaumu. Nakuambia sasa, mbele ya watu hawa wote. Pumzika, Baba, na amani iwe nawe.