Kipande Alichokizima Hagg Shawqi

Benchi letu hapa Shubra liko chini ya dirisha la kinyozi, na mwezi wa Ramadhani, tukishafuturu, hapo ndipo dunia inapotengenezwa. Jana kila mtu alitazama kile kichekesho cha kwenye runinga. Mtoto wa miaka tisa, hesabu za chuo kikuu anazimeza kama maji, kapiga hesabu ya mapigo ya moyo wa babu yake, kaona yaliyobaki ni machache. Kamkataza ngazi, kamkataza hata kucheka! Sisi tulicheka mpaka adhana ya isha ikatutoa mbio kwenda tarawehe, mwisho hatukuuona. Leo Hagg Shawqi, dereva wa tramu mstaafu, kaja uso umemshuka.

— Kiliishaje? Mimi nilizima. Nilimwona mjukuu wangu Nourhan ananikodolea kifua. Usiku mzima kakaa ananihesabia pumzi. Mtoto wa miaka minane, jamani! Leo nimwambie nini?

— Mwambie yule babu wa kwenye runinga alipona, akasema kinyozi, tunayemwita Pasha.

— Kwani aliumwa? nikamuuliza.

— Hakuumwa. Ndiyo maana alipona upesi.

Bashmuhandisi, fundi wa lifti, akaweka kikombe chini.

— Nyie hamjui kitu. Moyo ni lifti, una safari zake. Mwisho ni huu: babu alihamia ghorofa ya saba, lifti mbovu. Malaika wa mauti kufika ya nne, hoi, karudi zake.

— Astaghfirullah! Malaika huchoka? nikasema.

— Hajapanda ngazi za jengo letu.

— Acheni utani, akasema Hagg. Mtoto halali!

— Wahenga walishamaliza, akasema Pasha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kifo nacho ni mgeni. Kipe jembe!

— Jembe tena, Pasha? Si ndilo la kuchimbia kaburi?

Hagg akashika kichwa. Hapo hapo Nourhan akatokea na shali ya babu yake mkononi.

— Mama kasema kuna baridi. Babu, ule mwisho nimeutazama kwenye simu ya Mama.

Benchi zima likamgeukia.

— Ehe! Kiliishaje?

— Walikula qatayef, vile vitamu vya Ramadhani, wakacheka, muziki ukapigwa. Ila yule mtoto alimuuliza babu yake, "Wewe unaogopa kufa?" Wakaweka matangazo. Yalipokwisha, hakuna aliyejibu. Babu, wewe unaogopa?

Pasha akaanza kusafisha kitana kisafi. Bashmuhandisi akainua kikombe, mna machicha matupu. Nami nikainama kufunga kamba za kiatu. Hagg Shawqi akamshika mjukuu wake mkono.

— Naogopa, mwanangu.

Nourhan akashusha pumzi ndefu. Akamfunika shali, akajibana kando yake kwenye benchi.

— Na mimi. Basi leo tuogope wote wawili, halafu tulale.