Mtani wa Ng'ambo ya Barabara: Kumkumbuka Marietha, Mchoma Mahindi wa Boko

Wasikilizaji wapendwa, kila siku baada ya swala ya alasiri, Marietha Ndunguru alikuwa akifanya jambo lile lile. Anatoa jiko nje. Anapepea mkaa kwa kipande cha boksi. Anakata ndimu, anachanganya chumvi na pilipili kwenye kisahani. Halafu anachoma hindi la kwanza, na hilo hauzi. Analila mwenyewe, amesimama. Akimaliza ndipo anaanza kuwauliza wateja: "Laini au gumu?"

Jumanne iliyopita, hindi la kwanza liliungua. Liliungua upande mmoja mpaka likawa jeusi, na moshi wake ukavuka barabara. Marietha alikuwa chini, pembeni ya jiko, kipande cha boksi kimo mkononi.

Alifia njiani, ndani ya bajaji, kabla ya kufika hospitali. Walisema ni presha. Marietha Ndunguru, mchoma mahindi wa Boko, amefariki akiwa na miaka hamsini na minane.

Leo tunamkumbuka yeye. Nilikwenda Boko, nikaketi na watu wawili waliomjua. Wa kwanza ni Adelina, binti yake. Wa pili ni Bi Badriya, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, mjane wa Bwana Hamoud. Marietha na Bi Badriya walikuwa majirani kwa muda mrefu, na walipendana. Lakini tangu Bwana Hamoud alipofariki, miaka minne iliyopita, hawakusemezana tena. Walitazamana kila siku, mmoja dukani, mmoja penye jiko lake, bila salamu.

Nitawaeleza ilivyokuwa.

Marietha alizaliwa Mbinga, kule kusini. Kwao hindi bichi huchemshwa na maganda yake, sufuria likafunikwa, likaachwa litokote polepole. Linaliwa la moto, halipakwi kitu. Alipofika Dar es Salaam na mumewe Valerian, mchonga vinyago, alianza kuuza mahindi hayo hayo ya kuchemsha. Hayakutoka.

"Mama alikuwa anasema watu wa Dar wanaona aibu kulivua hindi nguo," Adelina aliniambia. "Mteja wake wa kwanza alikuwa Mzee Hamoud. Alinunua moja, akalitazama, akamwuliza, 'Mama Adelina, hili ni hindi au ni mgonjwa? Mbona umelifunika shuka?'"

Bwana Hamoud ndiye aliyemshauri achome. Marietha akachoma, kwa ndimu na pilipili kama wanavyopenda wa mjini. Lakini Bwana Hamoud mwenyewe ndimu hakuitaka. Yeye alilibeba hindi lake mpaka ng'ambo, na Bi Badriya akampashia samli kwenye kijiko, akaimimina juu ya hindi, akanyunyiza chumvi. Kila jioni hivyo hivyo. Hindi la Marietha, samli ya Badriya.

Mwezi wa Ramadhani Bi Badriya alipika mahindi ya nazi. Aliyakata vipande vipande, akayapika kwa tui zito mpaka punje zikapasuka. Bakuli moja lilikuwa la nyumbani kwa Marietha, ingawa Marietha ni Mkristo na hakufunga.

Na utani haukukoma. Adelina aliniigizia huku akicheka.

"Mama anapiga kelele kutoka huku: 'Mzee Hamoud, hindi unalipaka mafuta kama bibi harusi, unalioa?' Mzee anajibu: 'Afadhali mie naoa, mama. Nyie huko Mbinga mnakula na majani, mbuzi wenu wanakula nini?' Bi Badriya anacheka mpaka anashika mlango."

Wasikilizaji wapendwa, hapa nataka mnisikilize vizuri. Kwa Marietha, hayo hayakuwa maneno ya kupitisha jioni. Kwao kuna watani. Mtani akifa, mtani mwenzake anakwenda msibani kumtania. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anataja aibu zake mbele ya wafiwa. Wafiwa wanalia na kucheka pamoja. Mtani asiyetania msibani ndiye anayeonekana hana mapenzi.

Bwana Hamoud alifariki ghafla, kwa moyo, siku ya Ijumaa. Marietha alizima jiko akavuka barabara. Ndani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wanasoma Yasini. Bi Badriya yuko katikati, amejifunika. Kofia ya marehemu ilikuwa imetundikwa ukutani. Marietha akaitungua. Akaivaa. Akaigiza mwendo wa Bwana Hamoud, tumbo mbele, mkono umeshika hindi lisilokuwepo. Akasema kwa sauti ya mtani:

"Mzee Hamoud, mlafi wewe. Samli imekuua, si nilikwambia? Sasa huko uendako atakumiminia nani?"

Hakuna aliyecheka. Kisomo kilisimama. Huda, binti wa Bi Badriya, aliinuka akamvua Marietha ile kofia kichwani, taratibu. Bi Badriya alisema sentensi moja: "Mtoeni huyu."

Adelina anakumbuka mama yake alivyorudi. "Aliketi chini pale mlangoni. Akaniambia, 'Adelina, nimemlilia mtani wangu wakasikia matusi.' Nikamwambia, mama, wale si watu wa kwetu, hawana utani wa hivyo. Akasema, 'Sasa ile yote ya kila jioni ilikuwa nini?'"

Marietha alikwenda kuomba radhi. Aliambiwa Bi Badriya yuko eda. Eda ilipoisha alikwenda tena. Aliambiwa amelala. Kwa muda alikuwa akiacha mahindi mawili kwenye ngazi ya duka, ya kuchemsha, na maganda yake. Bi Badriya aliyatupia mbuzi. Marietha aliona. Akaacha kupeleka.

Ikapita miaka minne. Wateja walizoea. Mtoto akitumwa ndimu dukani kwa ajili ya jiko la Marietha, Bi Badriya alimpa, hakuuliza za nani.

Kisha ikaja Jumanne. Bi Badriya aliniambia mwenyewe, na ameniruhusu niseme.

"Nilisikia harufu ya hindi kuungua. Mama Adelina haunguzagi hindi. Hilo nalijua. Nikajiambia, si langu. Nikaendelea kupanga sabuni. Harufu ikazidi, nikajiambia tena, si langu. Nilipotoka nje, watu walishajaa."

Je, Bi Badriya angewahi kutoka, ingesaidia? Adelina aliuliza hospitali. Hakuna aliyeweza kumwambia. Bi Badriya naye hajaacha kuuliza.

Marietha amezikwa makaburi ya Kondo. Hakuna mtani aliyekuja kumtania. Ndugu wa Mbinga nauli iliwashinda, na wa hapa mtaani hawaijui mila hiyo. Alizikwa kimya. Adelina anasema hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote, ule ukimya.

Kwa Adelina, kwa kaka yake Fransis, na kwa ukoo wote wa Ndunguru huko Mbinga, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Mungu awape nguvu, na ampumzishe mama yenu. Kwa wakazi wa Boko mliokula mahindi yake, poleni nanyi. Na wewe unayenisikiliza, labda yuko mtu mnayepishana naye kila siku bila salamu. Mfikirie leo. Mfikirie angali anapita.

Nilikuwa nimeanza kufunga vifaa vyangu pale msibani. Bi Badriya alikuwa ameketi mkekani na Adelina, magoti yao yanagusana. Akaniambia, "Usizime, mwanangu. Hili nataka lisikike." Kisha akamgeukia Adelina. Nawaachia sauti yake, sina la kuongeza.

"Adelina. Hamoud daktari alimkataza mafuta. Muda mrefu kabla hajafa. Alinikataza na mimi, nimo chumbani mwake, nasikia kwa masikio yangu. Tukirudi nyumbani ananiambia, 'Kidogo tu, Badriya, hindi kavu halipiti.' Nami namtilia. Kila jioni namtilia, kwa sababu uso wake ulikuwa unafurahi. Hakuna aliyejua. Watoto wangu hawakujua. Mama yako hakujua, aliposema samli imemuua ulikuwa mzaha wa kwao tu. Mimi nilisikia mtu ananitaja mbele ya watu. Watu wote wanadhani nilimnunia kwa sababu alivaa kofia. Sikumnunia kwa kofia, mwanangu. Nilidhani anajua. Miaka minne nilikuwa namwogopa."