Oga Kwanza: Maisha ya Salvör Ketilsdóttir, 1955–2024

Salvör Ketilsdóttir alizaliwa tarehe 9 Machi 1955 hapa Húsavík, kaskazini mwa Aislandi, mtoto wa pili wa mvuvi Ketill na mkewe Oddný. Siku hiyo kulikuwa na tufani, na baba yake alipenda kusimulia kwamba kichanga kilipiga kelele hadi upepo ukaona haya. Sisi tuliomjua hatubishi.

Oddný alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1969, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Dada mkubwa, Gróa, ndiye aliyemlea Salvör tangu hapo, akamsukuma shule kwa maneno matamu na makali, mpaka akahitimu ualimu Reykjavík mwaka 1977.

Mwaka huohuo alianza kufundisha kuogelea, na hakuna mtoto wa mji huu aliyemkwepa. Sheria ya bwawa tunaijua: kabla ya kugusa maji, unavua kila kitu na kuoga kwa sabuni mbele ya wenzako. Salvör hakuwa na mchezo nayo. Mgeni mmoja alijaribu kupenya na vazi la kuogelea likiwa kavu.

“Bibi, unakwenda wapi?”

“Naona aibu.”

“Aibu peleka hotelini. Hapa vua, oga.”

Tarehe 16 Juni 1979 aliolewa na Bjartmar, fundi wa injini za boti. Mwaka uliofuata walijaliwa binti yao wa pekee, Arndís.

Mwaka 1996 Gróa naye akaondoka, kwa ugonjwa uleule, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Salvör alipopimwa miaka mitatu baadaye, aliambiwa amerithi kasoro ya vinasaba iliyowamaliza mama na dada. Alikuwa mzima wa afya. Daktari alimpa njia mbili: achunguzwe mara kwa mara na kusubiri, au aondolewe matiti yote mawili mapema.

“Unakatwaje na huumwi?” Bjartmar aliuliza.

“Nikingoja niumwe, nitamfuata Gróa. Na Arndís nimwachie nani?”

Bjartmar aliosha vikombe vyote vya nyumba, hata vilivyokuwa safi. Kisha akasema, “Mimi nilipenda mdomo wako, Salvör. Huo waambie wasiuguse.”

Alifanyiwa upasuaji Reykjavík tarehe 4 Aprili 2000. Walipotaka kumtengenezea matiti mengine alikataa, akisema hana haja ya vitu vya kuazima. Lakini pamoja na ushujaa wake wote, bwawani hakukanyaga. Kiangazi kizima alitoa visingizio, maana aliogopa macho ya wanawake aliowafundisha tangu wadogo. Wenzake kazini walimwekea ufunguo wa chumba cha kuogea peke yake.

Asubuhi moja ya Septemba aliutundika ufunguo ule ukutani, akaingia bafu la wanawake wote na Arndís nyuma yake, akavua. Maji yalimwagika. Ndipo bibi Jófríður, aliyekuwa na miaka themanini na ulimi wa ujana, akapaza sauti:

“Mwalimu! Kwapani hujapaka sabuni!”

“Nimepaka!”

“Sijaona. Rudia!”

Bafu zima lilicheka, na Salvör akacheka mpaka akakaa chini. Wakati wa kujifuta, jirani mmoja alimsogelea akamuuliza kwa sauti ndogo, “Hivi wewe ulipimwa wapi?” Hakuwa wa mwisho kuuliza. Wapo wanawake katika kanisa hili leo ambao wako hai kwa sababu ya bafu lile, na tunajivunia kulisema mbele ya jeneza lake.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka jana. Tarehe 11 Novemba 2024 alifariki nyumbani, kikombe cha kahawa kikiwa bado na joto. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Saratani haikumpata.

Ameacha mumewe Bjartmar, mkwewe Hlöðver, mjukuu wake Gróa mdogo, na binti yake Arndís, aliyerithi kasoro ileile na kufuata njia ya mama yake. Arndís ana miaka arobaini na minne. Bibi yake hakuifikisha, wala mama yake mkubwa.

Baada ya maziko, kahawa na keki zipo ukumbini, na bwawa litakuwa wazi kwa wote mpaka jioni. Arndís ndiye atakayesimama bafuni. Hakuna atakayepita mkavu.

Pumzika kwa amani, mwalimu. Tumeoga.